Sura ya Nne: Sheria za Juni 1962

Mwezi Juni 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi saba ya uhuru, wabunge waliokuwa wakikutana katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, walipitisha sheria tatu zilizomgusa kila aliyekuwa akila kwa mshahara. Moja ilihusu usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nyingine ilirekebisha sheria ya vyama vya wafanyakazi iliyoachwa na mkoloni. Ya tatu iliweka utaratibu wa majadiliano kwa watumishi wa serikali. Majina yake ni ya kiofisi, hayamtishi mtu. Ukizisoma pamoja, kifungu kwa kifungu, ndipo unapoona zinaelekea mahali pamoja. Mfanyakazi aliachiwa njia ya kulalamika, ya kusuluhishwa na ya kuamuliwa, ila kugoma bila kuvunja sheria kukawa karibu hakuwezekani.

Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Waziri wa Afya na Kazi alikuwa Michael Kamaliza. Asiyezijua habari za miaka ile atayapita majina haya mawili kama majina ya wanasiasa wengine wowote. Asiyapite. Kawawa ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, na aliacha kazi ya serikali ya kikoloni ili aliongoze. Kamaliza alikuwa rais wa shirikisho hilohilo mpaka alipochukuliwa kuwa waziri. Waliozipinga sheria hizo, Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha reli na Victor Mkello wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, walikuwa wenzao wa benchi moja. Mgogoro wa 1962 ulikuwa kati ya watu waliokwisha kugoma pamoja, wakajuana kwa majina na kwa njaa. Ndiyo maana ulikuwa mchungu vile.

Tuanze na nguvu iliyokuwa ikigombewa. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na mgomo wao ukaenea hadi reli na miji ya bara. Mkoloni alipandisha mishahara kwa sababu alilazimika. Mwaka 1950 bandari iligoma tena, safari hii damu ikamwagika, na serikali ikakivunja chama cha makuli. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na sauti. Kisha, Oktoba 1955, vyama vidogovidogo vya wapishi, makarani, madereva na wengine viliungana kuwa TFL. Tom Mboya, aliyekuwa akiongoza wafanyakazi wa Kenya, alikuwa amekuja Dar es Salaam kuwatia moyo.

TANU, chama cha siasa kilichopigania uhuru, ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja kabla. Mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na TANU, lakini hakukatazwa kuwa na chama cha kazi, kwa hiyo watu wengi wenye elimu na uwezo wa kupanga mambo walipitia mlango huo. TANU na vyama vya wafanyakazi vililelewa pamoja. Mwaka 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, TANU iliwaomba wananchi waache kunywa bia hiyo, na watu wakaacha. Mwaka 1960 reli iligoma kwa karibu miezi mitatu, Tumbo akiwa mbele. Mwaka huo peke yake zaidi ya siku za kazi milioni 1.4 zilipotea kwa migomo, kiasi ambacho nchi hii haijakiona tena.

Lakini moyo wa uchumi haukuwa bandarini wala relini. Ulikuwa kwenye mkonge. Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo, na mashamba yalitanda kutoka Tanga, Muheza na Korogwe mpaka Morogoro na Kilosa. Watu wake walikuwa manamba, waliokusanywa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua, kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, wakaletwa kwa malori na treni wakiwa na blanketi na namba.

Utaratibu wao wa malipo unastahili kutazamwa kwa karibu, maana bila kuuelewa huwezi kuelewa kwa nini mgomo ulikuwa na thamani kubwa kwao. Kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi yenye visanduku thelathini. Mkata mkonge aliingia shambani alfajiri na kisu, akakata majani, akaondoa miiba ya ncha, akayafunga matita ya majani thelathini-thelathini na kuyabeba hadi kando ya reli ndogo inayokwenda kwenye korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani. Akimaliza kipimo cha siku, mnyapara alitia alama kwenye kisanduku kimoja. Asipomaliza, kisanduku kilibaki wazi. Siku aliyougua ilibaki wazi. Siku mvua ilipomkatiza kabla ya kipimo kutimia, ilibaki wazi. Mshahara ulilipwa visanduku vyote thelathini vikijaa, hata kama vilichukua wiki sita.

Mtu huyu hakuwa na hakimu wa karibu, hakuwa na mbunge, na barua aliandikiwa na mwenzake. Alichokuwa nacho ni uwezo wa yeye na wenzake elfu moja kukataa kuingia shambani siku moja, majani yakakauka na korona ikanyamaza. Mgomo wa Mazinde, Korogwe, mwaka 1958, uliwaonyesha wenye mashamba kwamba manamba nao wanaweza kufanya hivyo. Ndani ya miaka michache chama cha wafanyakazi wa mashamba kikawa kikubwa kuliko vyote nchini, na Mkello, kiongozi wake, akawa mtu wa kusikilizwa.

Kwa nini basi serikali ya watu wetu wenyewe ikaona mgomo ni hatari? Hoja zake zilikuwa nzito, na kuzidharau ni kuikosea historia. Waajiriwa wote wa Tanganyika hawakufika nusu milioni, katika nchi iliyokuwa na watu karibu milioni kumi, wengi wao wakulima wa jembe la mkono. Shilingi aliyoipata mfanyakazi wa mjini kwa kugoma ingeweza kumtoka mkulima wa Bukoba au Mbeya kwa njia ya bei na kodi. Nchi ilihitaji shule, hospitali, barabara, na mtaji wa kujenga viwanda. Aprili 1962, miezi miwili kabla ya sheria hizi, Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amejiuzulu uwaziri mkuu mwezi Januari ili akijenge upya chama, alitoa kijitabu chake kuhusu ujamaa. Humo alivionya vyama vya wafanyakazi. Alisema kwa maana kwamba anayechimba almasi hawezi kudai fungu kubwa kuliko mwingine kwa sababu tu almasi ina bei kubwa. Mali ni ya jamii nzima, na kuikamua jamii ni tabia ya kibepari hata kama anayekamua ni mfanyakazi.

Ghana nayo ilikuwa imetangulia. Sheria yake ya mwaka 1958 iliviweka vyama vyote chini ya shirikisho moja lililoambatana na chama tawala, na reli ya Sekondi na Takoradi ilipogoma Septemba 1961, serikali ya Nkrumah iliwakamata viongozi wa mgomo. Watawala wa Dar es Salaam walijua yanayotokea kule.

Upande wa pili ulikuwa na madai mawili. La kwanza lilikuwa nafasi za kazi: Waafrika wapewe haraka vyeo vilivyokuwa bado mikononi mwa Wazungu na Waasia. Hapa naona Tumbo na wenzake walikosea, kwa sababu lugha waliyoitumia mara nyingi ilipima rangi badala ya uraia, na Nyerere alikuwa na haki kuikataa. Dai la pili lilikuwa tofauti kabisa, na ndilo linalonishughulisha. Walisema chama cha wafanyakazi lazima kiwe huru kwa chama cha siasa na kwa serikali, hata kama serikali hiyo ni yao, kwa kuwa serikali nayo ni mwajiri.

Mimi ningeongeza jambo ambalo naona halikupewa uzito wa kutosha katika mjadala ule. Mwaka 1962 mashamba ya mkonge hayakuwa mali ya taifa. Yalikuwa ya Waingereza, Waswisi, Wagiriki na Wahindi wenye kampuni. Azimio la Arusha lilikuwa bado miaka mitano mbele. Mfano wa almasi wa Mwalimu unasimama vizuri pale ambapo mali ni ya jamii, lakini jani la mkonge lililokatwa Korogwe mwaka ule halikuwa la jamii. Manamba alipoambiwa asigome kwa ajili ya taifa, wa kwanza kufaidi utulivu wake alikuwa mwenye hisa aliyekaa London au Zurich. Serikali ilimnyang'anya mfanyakazi silaha yake kabla haijamgusa yule ambaye silaha hiyo ilielekezwa kwake. Hapo ndipo palipo kosa la 1962, na hakuna hoja ya wakulima walio wengi inayolifuta.

Tuzifuate sheria zenyewe kama ambavyo zingemkuta mkata mkonge. Tuseme shamba limeongeza kipimo cha siku bila kuongeza malipo. Chini ya sheria ya usuluhishi, chama chake kilitakiwa kwanza kupeleka taarifa ya mgogoro kwa mamlaka ya kazi. Mamlaka ilimteua msuluhishi, naye akasikiliza pande mbili. Wakipatana, mapatano yaliwafunga. Wasipopatana, waziri aliweza kuupeleka mgogoro kwenye baraza la uamuzi, na neno la baraza hilo lilikuwa la mwisho. Mgomo ulikuwa halali katika upenyo tu, endapo hatua zote zingefuatwa, muda ukapita, na waziri asiupeleke mgogoro popote. Kwa kuwa waziri aliweza kuupeleka wakati wowote aliotaka, upenyo huo ulifungwa na mtu mmoja, ofisini kwake. Aliyegoma nje ya hapo alikuwa mhalifu, na kiongozi aliyemhimiza vilevile.

Sheria ya pili ilimpa waziri uwezo wa kulitangaza shirikisho moja kuwa ndilo rasmi, na chama kisichojiunga nalo kikawa hakina uhalali. Hata fedha za ada ziliingia chini ya macho ya serikali. Sheria ya tatu iliwaondoa kwenye vyama watumishi wa serikali wa ngazi za juu, hivyo vyama vikapoteza watu waliojua kusoma bajeti na kuandika hoja. Aliyezitunga sheria hizi alivijua vyama kwa undani. Alijua nguvu yake inatoka wapi: kwenye mgomo, kwenye ada, na kwenye watu wenye elimu. Aligusa vyote vitatu, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikaongezwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani.

Tumbo wakati huo alikuwa balozi wa Tanganyika London, cheo ambacho wengi walikiona kuwa njia ya kumweka mbali. Alijiuzulu, akarudi, akaanzisha chama cha upinzani. Hakikufika mbali, na yeye mwenyewe baadaye akawekwa kizuizini. Mkello alibaki, sasa akiongoza TFL pia. Mapema mwaka 1963, baada ya migomo kuzuka tena kwenye mashamba ya mkonge, aliamriwa kwenda kuishi Sumbawanga, umbali wa siku nyingi kwa barabara za wakati ule kutoka kwa wanachama wake wa Tanga. Alirudi baada ya miezi michache. Mwaka huohuo likatolewa pendekezo la kuiingiza TFL moja kwa moja ndani ya Wizara ya Kazi. Vyama vilikataa.

Kisha Januari 1964 ikafika na mambo yake yote kwa mkupuo. Tarehe 7 Rais Nyerere alitangaza kwamba upendeleo wa Waafrika katika kuajiri serikalini umekwisha na kwamba raia wote ni sawa. Viongozi wa vyama walinung'unika waziwazi. Tarehe 12 Zanzibar ikapinduliwa. Tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 25 wanajeshi wa Uingereza walishuka kutoka meli ya Centaur wakauzima uasi huo kwa saa chache. Serikali ilisema baadhi ya viongozi wa wafanyakazi walikuwa wakiwasiliana na waasi. Watu wapatao 200 wa vyama walikamatwa.

Mwezi uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuunda chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA. TFL ilikufa, na vyama vyote 11 vilivyokuwa chini yake vikageuzwa idara za chama kipya. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza kuteuliwa alikuwa Kamaliza, akiendelea kuwa Waziri wa Kazi. Mtu mmoja akawa msemaji wa wafanyakazi na msimamizi wa sheria iliyowabana. Mfanyakazi aliyetaka kuishtaki NUTA kwa waziri, na aliyetaka kumlalamikia waziri kwa NUTA, walikuwa wakipiga foleni kwenye mlango uleule.

Migomo ilikwisha. Siku za kazi zilizopotea mwaka 1964 hazikufika 10,000. Kwa waliotaka utulivu, sheria zilifanya kazi yake.

Haki inanitaka niseme pia walichopata wafanyakazi, maana walipata. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kwa sheria, baada ya tume iliyoongozwa na Donald Chesworth, na mijini kiliwainua watu waliokuwa wakilala na njaa. Kiinua mgongo kikawa haki. Mwaka 1964 ukaanzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, na mwaka huohuo sheria ya usalama wa kazi ikamzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira ya asubuhi moja, ikaanzisha na kamati za wafanyakazi kazini. Kwa aliyewahi kuchomewa kipande mbele ya macho yake, haya hayakuwa mambo madogo, na wazee wengi waliyashukuru mpaka kufa kwao.

Ila yote hayo yalishuka kutoka juu. Mfanyakazi hakuyapigania, kwa hiyo hakuwa na namna ya kuyalinda. Bei za mkonge ziliposhuka baada ya katikati ya miaka ya 1960 na mashamba yakapunguza watu kwa maelfu, hakuna chama kilichoweza kuwasimamia kwa nguvu. Mishahara ya miaka ya 1980 ilipoliwa na kupanda kwa bei hadi karani akawa analima bustani na kuuza maandazi ili watoto wale, NUTA ilikuwa imekwisha kugeuka JUWATA, jumuiya ya CCM. Ilikuwa na majengo, magari na makatibu wa mikoa. Haikuwa na mgomo.

Na hamu ya kugoma haikuwa imekufa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowakemea viongozi wanaonyanyasa walio chini yao, wafanyakazi waliuchukua kwa neno lake. Viwanda kadhaa vya Dar es Salaam viligoma, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikishika kiwanda wakakiendesha wenyewe. Waliyafanya haya bila NUTA, na mara nyingine dhidi yake.

Kamaliza naye mambo hayakumwendea vizuri. Alikamatwa mwaka 1969 pamoja na Bibi Titi Mohamed na wengine kwa shitaka la uhaini, akatiwa hatiani. Nalitaja kwa sababu moja tu: aliyesaidia kujenga nchi ambayo ndani yake hakuna chama huru cha kumtetea mtu, alijikuta anahitaji kutetewa.

Kenya ilipita njia iliyofanana, kwa mwendo wake. Mwaka 1965, baada ya mashirikisho mawili kupigana, serikali ya Kenyatta iliyavunja yote ikaunda shirikisho moja, COTU, na Rais akapewa sauti katika uteuzi wa katibu mkuu wake.

Tanzania ilianza kulegeza kamba miaka ya 1990, kwanza kwa OTTU iliyochukua nafasi ya JUWATA, kisha vyama vikasimama kila kimoja peke yake na shirikisho lao, TUCTA, likaundwa. Aprili 2000 nchi iliridhia Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, unaolinda uhuru wa kujiunga na vyama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikaitaja haki ya kugoma kwa jina lake, ikiwa na masharti: usuluhishi kwanza, kisha kura, kisha notisi. Watoaji wa huduma muhimu kama maji, umeme, afya na zimamoto hawana haki hiyo, na mgogoro wao huenda kwa mwamuzi. Ni hatua kubwa kutoka 1962. Hata hivyo, walimu walipogoma tarehe 30 Julai 2012, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliutangaza mgomo wao kuwa batili ndani ya siku chache, wakarudi darasani. Anayeisoma njia ndefu ya notisi na hatua katika sheria za leo, kisha akaisoma ile ya 1962, ataona ukoo.

Upande wa serikali katika mgogoro huu umehifadhiwa. Hotuba ziko kwenye kumbukumbu za Bunge, sheria ziko kwenye vitabu, vijitabu vya Mwalimu vinasomwa shuleni. Upande wa wafanyakazi umebaki kwa sehemu kubwa vichwani mwa watu, na aliyekuwa kijana mwaka ule sasa amepita miaka themanini. Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna sanduku la babu aliyefanya kazi reli, bandarini au kwenye mkonge, lifungue. Kadi ya TFL, stakabadhi ya ada, kipande, barua ya kufukuzwa kazi: usiache zikaishia kufungia karanga. Zipeleke Nyaraka za Taifa au Maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani. Na kama mwenyewe bado yu hai, kaa naye, mrekodi sauti yake, umuulize alikuwa wapi mwaka 1962 na nani alimwambia arudi kazini.